Adapta ya Bluetooth au skana ya waya?
Gari limekataliwa kwenye kipimo cha moshi, ununue kifaa kipi cha kusoma misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari: adapta inayotuma kwa simu, au skana yenye skrini yake? Kwa bei, adapta inashinda. Kwa uhakika naipa skana: haitegemei simu, na isiyo na betri hupata umeme kwenye pini ya 16 ya soketi ya OBD (soketi ya gari ya kuchomekea vifaa hivi). Isipowaka, kagua fyuzi. Mara nyingi ndiyo ileile ya soketi ya kuwashia sigara. Adapta ikigoma, hujui mkaidi ni simu au gari. Tena usiiache imechomekwa, inaweza kunyonya betri ya gari.

Kwa vyovyote, tafadhali usifute misimbo ya hitilafu ukienda kupimwa: kompyuta itakuwa haijamaliza kujikagua upya, utarudishwa. Mwenye gari moja, adapta yamtosha. Anayeshika magari ya watu achukue skana.