Viatu vya mama vya kwa kordoniye (fundi wa viatu) wa Birere, hapa Goma, baada ya miezi 8

Nilijiambia nitaandika kama vitaishi, sasa vimemaliza miezi 8 na mguu wa mama haujafunguka kidonda tena, njo maana niko hapa.

Mama iko na diabete, ugonjwa wa sukari, miaka 14. Mwaka jana tulimnunulia viatu vya ngozi kwenye duka fulani hapa Goma, akajaribu asubuhi, nikamuuliza mama vinakubana? Akasema hapana mwanangu, vinanishika vizuri. Kumbe mguu usiosikia unapenda kiatu cha kubana, maana kile njo unakisikia kidogo. Akatembea Katindo mpaka Birere na kurudi, na kakoro kadogo, hivi vijiwe vyetu vyeusi vya volkano, kameingia ndani. Hakusikia kitu. Jioni namvua shoseti (soksi) nakuta damu imekaukia chini ya kidole kikubwa. Kidonda hakikupita kifuniko cha Fanta lakini kilitula miezi 4, kila siku mbili kubadilisha bandeji, pikipiki kwenda pikipiki kurudi, dola zinaisha.

Muganga aliyekuwa anakifunga alitueleza vizuri kabisa, kwamba sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, inaanza na ile mirefu inayofika kwenye vidole vya miguu, kisha inapanda juu kama mtu anavaa soksi. Akamwambia mama afumbe macho, akamgusa polepole kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano, miguu yote miwili, "Mama, ukisikia sema". Kati ya vidole 6 mama alisema mara moja tu. Visiposikia 2 tayari mguu uko hatarini, na yeye 5! Roho ilinishuka. Akaongeza kwamba kwa watu 100 waliopona kidonda hivi, karibu 40 kinawarudia kabla mwaka haujaisha, basi tafuteni viatu.

Njo tukafika kwa huyu fundi. Kilichonigusa ni kwamba hakumuuliza mama kama kinabana. Alimsimamisha juu ya karto ya boksi, akachora miguu yote miwili na kalamu, maana mguu wa kukaa na wa kusimama si sawa, tena alikuwa ametuambia tukuje saa kumi jioni wakati miguu imeshavimba kidogo. Mbele ya kidole kirefu akaacha nafasi ya upana wa kidole chake gumba, juu ya vidole akainua ngozi visiguse. Semeli, soli ya chini, ni tairi ya gari, imeshonwa na kugundishwa, msumari hata mmoja hakuna. Ndani sponji mbili, ngumu chini, laini juu.

Sasa kasoro, maana zipo. Alisema wiki moja, ikakuwa karibu tatu. Pea ya kwanza iliacha mshono ndani upande wa kidole kidogo: alikuwa ametushauri mama avae nusu saa nyumbani kisha tuangalie ngozi, tukaona wekundu. Tulirudi, akaingiza kidole chake ndani, akapapasa, akasema "Mama, unisamehe", akafumua yote bila kuongeza hata franka. Velkro ya kulia ilichoka mwezi wa 5. Ni vizito, mama analalamika kwenye ngazi za kanisa. Vikinyeshewa vinakauka siku mbili, na usiviweke karibu na makaa ya moto, ngozi inakakamaa halafu inakata mguu. Sponji chini ya kidole kikubwa imeshalala, wiki hii napeleka abadilishe. Tulilipa dola 30, nusu mbele. Si kidogo kwetu, lakini kidonda kilikula zaidi ya mara tano.

Na yeye mwenyewe anasema wazi, kama mguu uko na kidonda wazi hapimi, uende kwanza kwa muganga. Kwa hilo ninamheshimu sana.

Ukienda, beba shoseti ambayo mgonjwa anavaa kila siku, na umwambie fundi mwanzoni kabisa kwamba mguu hausikii. Saa hii mama kila asubuhi anapindua kiatu, anakigonga chini mara mbili, anaingiza mkono mpaka mbele kabisa. Juzi alitoa kifungo cha shati la mjukuu.