Jengo Jipya la Chuo Hapa Kisumu: Nyota Tatu Kutoka kwa Mtumiaji wa Kiti cha Magurudumu

Jengo jipya la chuo chetu limesifiwa sana kwa vioo na kwa ghorofa zake tano, na kweli ukilitazama kutoka barabarani linapendeza. Mimi nalitathmini nikiwa nimeketi, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyolitumia. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya upili. Nasomea shahada ya uzamili katika mpango wa walimu wanaosoma wakati wa likizo, na masomo yetu yote yalihamishiwa humo baada ya madarasa ya zamani kubomolewa. Jina la chuo naliacha. Wahusika wakiona vipimo wataujua mjengo wao.

Nianze na mteremko wa kuingilia. Sakafu ya chini imeinuliwa sentimita 60 kutoka ardhini, na kwa hilo sina ugomvi. Upande wetu huu udongo ni ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka kiangazi, na mvua kubwa ya alasiri ikimwagika maji hutuama palepale. Jengo lazima lipandishwe. Lakini kipimo kinachokubalika cha mteremko wa kiti cha magurudumu ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita ya kupanda hudai sentimita 12 za kwenda mbele. Sentimita 60 basi zinataka mteremko wa mita 7.2. Nimeupima huu kwa utepe: mita nne. Hiyo ni karibu moja kwa saba. Mikono yangu ina nguvu, nimeizoesha tangu utotoni, lakini hapo katikati magurudumu ya mbele yanaanza kuinuka na mtu anaweza kuanguka chali. Tena wameweka juu yake vigae vinavyong'aa, vilevile vya ndani. Vikilowa, kushuka kunatisha kuliko kupanda.

Askari wa getini ni watu wema, nasema hivyo kwa moyo wote. Wakiniona huja mbio. "Mwalimu, wacha tukubebe tu, ni dakika moja." Nawajibu, asanteni sana ndugu zangu, nisukumeni kwa nyuma, lakini msinibebe. Mtu mzima aliyejiandaa kwenda kutetea pendekezo lake la utafiti hataki kuinuliwa juujuu mbele ya vijana aliowafundisha kidato cha pili. Isitoshe, kuna jioni ambapo lindo linabadilishwa na pale mlangoni hakuna mtu.

Ukishaingia, mambo ni tofauti kabisa, na hapa nampongeza aliyechora ramani. Milango ya madarasa ina upana wa karibu mita moja na haina vizingiti. Madirisha yako pande mbili, kwa hiyo upepo wa ziwa unapita hata feni zikiwa zimezimwa, na anayejua joto la Kisumu saa nane mchana hatalichukulia hilo kuwa jambo dogo. Rangi na samani ni nzuri. Intaneti inafanya kazi.

Maktaba, iliyo sakafu ya chini, ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nafasi kati ya rafu inanitosha kugeuza kiti bila kuomba radhi kwa yeyote. Meza zimeinuliwa kiasi cha magoti yangu kuingia chini, jambo ambalo katika jengo la zamani sikulipata hata mara moja. Nilikuwa nikiandika daftari likiwa mapajani. Mkutubi wa zamu ya mchana hakungoja niulize. Alinionyesha mahali palipo na soketi ya kuchaji tarakilishi, akaniambia vitabu vya rafu za juu nimwandikie kwenye karatasi atavishusha. Nilisoma Joyland, shule ya Jeshi la Wokovu hapahapa Kisumu kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, na huko hakuna aliyeshtuka akiona kiti cha magurudumu. Ndani ya maktaba hii nilipata tena utulivu ule.

Lifti ziko mbili. Inayofanya kazi ni moja. Vitufe vya ghorofa ya nne na ya tano viko juu mno, navibonyeza kwa ncha ya kalamu. Shida kubwa ni stima ikipotea, kwa sababu genereta inawasha taa na ofisi, lakini lifti haikuunganishwa nayo. Nimewahi kubaki ghorofa ya tatu darasa likiwa limekwisha na wenzangu wameshateremka, giza linaingia, nikisubiri stima irudi. Wawili kati yao walipanda tena kukaa nami, na sitawasahau. Lakini fikiria kama ungekuwa moto. Ghorofa za juu hazina sehemu salama ya mtu kama mimi kungojea waokoaji, wala sijaona maelezo yoyote ukutani kuhusu nani atakuja kunichukua.

Choo chenye alama ya kiti cha magurudumu kipo, na reli ya kushikia ukutani imefungwa imara. Kimegeuzwa kuwa stoo ya ndoo na mifagio. Ufunguo anao mama wa usafi, ambaye huondoka saa kumi. Na hata kikifunguliwa, mlango unafungukia ndani, kwa hiyo kiti kikishaingia hakuna namna ya kuufunga. Kuugeuza mlango ufungukie nje ni kazi ya fundi seremala mmoja, asubuhi moja. Wanawake watanielewa nikisema kwamba siku za masomo ya mchana kutwa sinywi maji, katika joto lile, kwa ajili ya bawaba zilizofungwa upande usiofaa.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinataja haki ya mtu mwenye ulemavu kufika mahali kote, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilikuwepo tangu 2003. Haya si mambo mapya yaliyowakuta wajenzi njiani. Ninaandika sasa hivi kwa sababu jengo bado ni jipya. Kwa kawaida mkandarasi huzuiliwa sehemu ya malipo yake kwa muda fulani baada ya kukabidhi kazi, ili arudi kurekebisha kasoro. Kama ramani ilisema mita 7.2 naye akajenga nne, aitwe kabla hajalipwa zote. Kama ramani yenyewe ilisema nne, basi itazamwe haraka, maana upande wa pili wa uwanja mabati yameshazungushwa na msingi wa jengo lingine unachimbwa. Kwenye karatasi, kurefusha mteremko ni kusogeza mstari. Zege likishamwagwa, ni pesa na miaka.

Nyota tatu kati ya tano. Zote tatu ni za maktaba, madarasa na watu. Mteremko na choo vikirekebishwa nitaongeza ya nne siku hiyohiyo. Ya tano inangoja lifti iunganishwe na genereta.

Kwa mwenzangu mwenye kiti anayefikiria kujiunga: iandikie ofisi ya wanafunzi kabla muhula haujaanza, uombe darasa lako liwe sakafu ya chini. Mimi nilichelewa kufanya hivyo, lakini nilipoandika walilihamisha darasa letu zima la Jumamosi bila kunizungusha. Ukija kwa tuktuk, mwambie dereva azunguke hadi mlango wa mashariki, karibu na maegesho ya wahadhiri, ambako ardhi imeinuka na kimo cha kupanda ni kidogo. Ufunguo wa choo uombe mapema, kabla ya saa kumi.