Lakers na Celtics wa nyakati zote ndani ya NBA 2K18: tathmini ya mchezo na ya pambano lenyewe

Tangu NBA 2K18, mchezo wa video wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ilipotoka mwezi Septemba 2017, mabishano ya wapenzi wa mpira wa kikapu kuhusu timu za nyakati zote yamepata uwanja wa kuchezewa, kwa kuwa toleo hilo ndilo lililozipatia klabu zote 30 vikosi vinavyowakusanya magwiji wao wa vizazi vyote. Tathmini hii inahusu sehemu hiyo peke yake, na inaipima kwa pambano ambalo kwangu ni zito kuliko mengine yote: Los Angeles Lakers dhidi ya Boston Celtics. Klabu hizi zimekutana fainalini mara 12, Celtics wakashinda mara 9 na Lakers mara 3, kwa hiyo anayeuliza nani angemshinda nani anaendeleza ushindani ulioanza mwaka 1959.

Upande wa sura na mwendo, waundaji wamewatendea haki magwiji hawa. Kareem Abdul-Jabbar wa Lakers humpa mlinzi ubavu, akaunyoosha mkono wa kulia hadi mwisho wake na kuuachia mpira kutoka mahali ambapo hakuna kiganja kinachofika, na ukijaribu kumkaba utaelewa upesi jinsi alivyoweza kustaafu akiwa na pointi 38,387. Kevin McHale wa Celtics, akipokea pasi huku amekipa kikapu mgongo, hujifanya anageuka, hujifanya tena anatupa, na mlinzi akisharuka ndipo yeye hupita chini ya mikono yake bila haraka yoyote. Anayezijua picha za televisheni za miaka ya 1980 atawatambua hata kabla ya kusoma majina mgongoni.

Ugumu unaanza kwa Bill Russell wa Celtics. Alistaafu mwaka 1969 akiwa na ubingwa mara 11 katika misimu 13, lakini ligi ilianza kuhesabu rasmi mitupo iliyozuiwa na mipira iliyoporwa katika msimu wa 1973-74. Maana yake ni kwamba mchezo unaojengwa kwa takwimu unamkuta mlinzi bora wa historia hana takwimu za kazi yake kuu, na waundaji wanalazimika kukadiria. Wamemkadiria juu, kama inavyostahili, ila kuna jambo ambalo makadirio hayawezi kulibeba. Russell alisifika kwa kutoupiga mpira hadi kwenye viti vya watazamaji. Aliugusa kwa vidole ili ubaki uwanjani, umfikie mwenzake, na shambulio la Celtics lianze kabla wapinzani hawajageuka. Katika mchezo huu mtupo aliouzuia huishia mara nyingi nje ya mstari, na Lakers hurudishiwa mpira ambao Russell halisi angekwisha kuwanyang'anya. Jerry West wa Lakers, kwa upande wake, alicheza kuanzia 1960 hadi 1974, kabla NBA haijaleta mstari wa pointi 3 msimu wa 1979-80, na hapa anatupa kutoka nyuma ya mstari ambao hakuwahi kuuona katika ligi yake. Hilo naliona ni haki, kwa sababu mitupo yake ya mbali iliogopwa hata ilipokuwa na thamani ya pointi 2 tu.

Kasoro kubwa zaidi, na ndiyo inayopotosha jibu la pambano zima, ni kwamba mchezo haujui kugawana mpira kunagharimu nini. Lakers wana Wilt Chamberlain, Kareem na Shaquille O'Neal, na wote watatu walifanya kazi mahali pamoja, chini ya kikapu. Chamberlain katika msimu wa 1961-62, akiwa bado na klabu ya Warriors, alicheza wastani wa dakika 48.5 kwa mchezo, yaani mchezo mzima pamoja na dakika za nyongeza. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba leo atacheza robo moja? O'Neal na Kobe Bryant, wawili tu, walichukua ubingwa mara 3 mfululizo kuanzia 2000 hadi 2002, na bado ilipofika 2004 njia zao ziliachana. Kwenye skrini hakuna anayenuna. Unamtoa Kareem unamwingiza Shaq, unamtoa Shaq unamwingiza Wilt, na kila aingiaye anaingia na nguvu mpya na moyo uleule.

Celtics wana historia tofauti kabisa. Kocha Red Auerbach alimtumia Frank Ramsey, na baadaye John Havlicek, kama mchezaji wa sita, yaani mtu mwenye uwezo wa kuanza ambaye anasubiri benchi ili aingie wakati wapinzani wamekwisha kuchoka. McHale akaipokea nafasi hiyo na kushinda tuzo ya mchezaji bora wa sita mwaka 1984 na 1985. Kikosi ambacho magwiji wake walikwisha kukubali kusubiri kina thamani isiyoweza kuandikwa katika alama za mchezaji mmoja mmoja, na ndiyo sababu Lakers huonekana wazito kuliko walivyo.

Kwa hiyo ninapoiachia kompyuta icheze pande zote mbili, naangalia zaidi jinsi watu wanavyokabana kuliko ubao wa matokeo. O'Neal, mwenye zaidi ya kilo 140, angemsukuma Russell wa yapata kilo 100 hadi chini ya kikapu. Hapo Robert Parish na Dave Cowens wangeingia kumfanyia madhambi, kwa kuwa mitupo huru O'Neal aliifunga kwa asilimia 52.7 tu. Kareem ndiye tatizo la kweli. Katika fainali za 1985, akiwa na umri wa miaka 38, aliwafunga Celtics pointi 30 na kuchukua rebaundi (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa) 17 katika mchezo wa pili, na Parish hakuwa na dawa. Naamini Russell, kwa wepesi wake, angempunguza bila kumzima. Magic Johnson wa Lakers angekutana tena na Dennis Johnson wa Celtics aliyemsumbua mwaka 1984. Hesabu yangu inawapa Celtics ushindi wa michezo 4 kwa 3, na najua mashabiki wa Kobe hawataikubali.

Mnunuzi ajue pia kwamba vikosi hivi vina mapengo yanayotokana na ruhusa za kutumia majina na sura: Pacers wa nyakati zote wasio na Reggie Miller, au 76ers wasio na Charles Barkley, ni timu pungufu. LeBron James hayumo kwa Lakers, kwa kuwa alijiunga nao mwaka 2018, na kwa pambano hili naona hivyo ni bora zaidi. Anayejali sura ya kila enzi atafute NBA 2K23 ya PlayStation 5 au Xbox Series, ambayo inamruhusu kuanza ligi mwaka 1983 na kumwona Magic akikutana na Larry Bird, gwiji wa Celtics, katika viwanja na jezi za wakati ule. Kwa matoleo ya zamani, seva za mtandaoni huzimwa baada ya miaka michache, lakini michezo ya kirafiki kati ya timu za nyakati zote haihitaji intaneti, hivyo diski iliyotumika inatosha. Ukiiweka, rekebisha urefu wa robo uwe dakika 12, maana katika robo fupi benchi la Celtics halipati muda wa kuonyesha kazi yake.