Doti ya kanga: ipi ununue kwanza

Ukiingia duka la kanga Kariakoo au Mtaa wa Biashara kule Mombasa, muuzaji atakushushia doti, yaani jozi ya kanga, moja juu ya nyingine mpaka macho yachoke. Zote mpya, zote zinang'aa. Usichague kwa rangi tu, zishike.

Namba moja kwangu ni ya pamba tupu iliyofumwa kwa kubana. Inyanyue kwenye mwanga: vidole vya upande wa pili visionekane waziwazi. Kisha fikicha kona. Kanga mpya huwa na wanga, hilo si kosa, lakini ikitoa unga mwingi na kitambaa kikalegea papo hapo, uzito ule ulikuwa wa wanga, si wa pamba. Geuza nyuma uone rangi imepenya kiasi gani. Hii ndiyo ya kumbebea mtoto, ndiyo ya kumpelekea mzazi, na kila ikifuliwa inazidi kuwa laini.

Ya pili ni kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwa bibi harusi ingekuwa ya kwanza. Ifue peke yake mwanzoni.

Nyepesi naiweka ya tatu: inafaa kujifunga ndani wakati wa joto, basi.

Ya mwisho ni yenye poliesta. Hainywi jasho, na inateleza kiunoni. Ukiwa na shaka, chomoa uzi uuchome: pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua, poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu.

Ukiwa Mombasa omba leso, ndivyo wanavyoiita kanga kule, watakuelewa haraka zaidi. Jina hilo limetoka kwa Wareno: katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya lenço na kuviunga sita sita, vitatu kwa viwili, wakapata vazi moja. Baadaye zikaja zilizopigwa chapa nzima, na inasimuliwa kwamba madoadoa yake ndiyo yaliyowakumbusha watu ndege kanga. Zenye vidoa vya namna hiyo zingalipo, nazipenda sana. Angalia pia zenye chapa ya "Mali ya Abdulla". Duka la Mombasa lenye chapa hiyo lipo tangu 1887.

Kabla ya kulipa, kunjua doti nzima, zote mbili, maana huuzwa zikiwa zimeungana na utazikata mwenyewe na kuzipiga pindo. Pindo za urembo zinazozunguka kanga ziwe sawa pande zote nne, mji, yaani sehemu ya ndani, ukae katikati, na herufi za jina, yale maneno yaliyoandikwa, zisipinde. Na lisome jina hilo polepole. "Wema hauozi" unaweza kumpa yeyote. Ila jina la mafumbo ukimpelekea wifi au mkwe, atajua umemkusudia yeye, hata kama wewe ulipenda maua tu.