Commodore 64: mashine chukua, adapta yake ya zamani usiichomeke

Haya wapenzi watazamaji, mezani leo tuna Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotoka Marekani mwaka 1982. Muuzaji hakuahidi kama inawaka. Lakini kabla ya mashine yenyewe, tazameni hili dude zito jeusi. Ni adapta yake ya asili. Usiichomeke, hata ukiapiwa kwamba jana ilifanya kazi.

Inatoa umeme wa aina mbili: volti 5 za DC na volti 9 za AC. Ndani imemiminwa gundi ikaganda, kwa hiyo joto halina pa kutokea na fundi hawezi kuifungua bila kuivunja. Kidhibiti volti kikichoka, zile 5 zinapanda, na kwenye bodi hakuna cha kuzizuia. Memori ndizo huumia mapema. Unaweza kuipima kwa mita ikiwa baridi ukaona 5 safi, ikishapata moto mambo yakabadilika. Mimi natumia adapta mpya iliyoundwa kwa ajili ya C64, yenye kinga inayokata umeme volti zikizidi.

Nawasha. Kioo cheusi tii! Kwa hizi mashine hilo ni jambo la kawaida. Nashuku chipu ya PLA, ile inayopanga chipu ipi isomwe na lini, au mojawapo ya zile memori nane za aina ya 4164. Pitisha kidole taratibu: inayounguza kuliko wenzake, anza na hiyo. Hapa ni memori, hii ya pembeni. Naitoa, nalehemu soketi, maana njia za shaba za bodi hii hubanduka upesi na sitaki kuzichoma mara ya pili. Napachika nzima… eh! Bluu hiyo! Kioo kinasema baiti 38911 ziko wazi kwa BASIC, lugha yake ya kuandikia programu.

Sauti nayo ipo, na ndiyo inayonifanya niipende kuliko wenzake wa zama zile. Chipu yake ya sauti, SID, aliyobuni mhandisi Bob Yannes, hupiga sauti tatu tu kwa wakati mmoja, lakini sikieni hilo besi.

Umanjano wa kasha? Wengine hulipaka haidrojeni peroksaidi likae juani, likapauka vizuri. Mara nyingi hurudi kuwa manjano. Langu naliacha hivihivi.

Ukienda kununua, dai kuisikia ikitoa sauti. SID ikiwa imekufa, shusha bei bila aibu, kwani za asili hazitengenezwi tena. Na bajeti ya adapta mpya uiweke pembeni kabla hujalipa.