Chupa sita za mvinyo wa Kiitalia usio na jina kubwa: uzoefu wangu

Mara ya kwanza kunywa Lambrusco, mvinyo mwekundu wa Kiitalia wenye povu, ilikuwa harusini, Dar es Salaam. Niliinywa kwenye glasi ya plastiki, imepata joto, tamu kama soda ya zabibu. Nusu yake niliiacha chini ya kiti. Tangu siku hiyo nikaihesabu kuwa ni kinywaji cha watu wasioupenda mvinyo. Hata nilipohamia Bologna, Italia, chini ya nusu saa kwa treni kutoka Modena inakotengenezwa, miaka minne ikapita nikiipita dukani kama simjui mtu.

Nieleze ujuaji huu ulikotoka. Nimekulia Dodoma. Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mtoto wa mkulima anaijua harufu ya mchuzi wa zabibu kabla hajaanza shule. Kwa hiyo nilijiona mjuzi. Kwangu mvinyo mwekundu lazima uwe mweusi na mzito, ukushike ulimi. Ukiuona mwanga unapenya kwenye glasi, ujue umechakachuliwa.

Februari hii baridi ilipotufungia ndani, niliagiza mtandaoni chupa sita za aina ambazo nilikuwa sijazionja au nilishazidharau. Jumla euro 68 pamoja na usafiri. Nilipanga kuonja kila moja mara tatu: bila chakula, pamoja na chakula, halafu kilichobaki kilale frijini nikionje kesho yake.

Nilianza na Lambrusco di Sorbara, makusudi, ili nimalizane nayo mapema. Ina kizibo cha bati, kile kile cha chupa ya soda. Mama watoto aliitazama chupa, akanitazama mimi. "Baba, hii si soda kweli?" Nilipoimimina, povu la waridi lilipanda hadi ukingoni, likanywea mara moja, ikabaki rangi ya tikitimaji lililoiva. Chini ya chupa kulikuwa na mashapo. Hii ni ile inayochachuka mara ya pili humo humo chupani na haichujwi. Lambrusco nyingi nyingine hupatia gesi yake kwenye matangi makubwa yaliyofungwa, kisha ndiyo hutiwa kwenye chupa.

Sasa ladha. Utamu hakuna hata chembe. Ni ubuyu ambao haujatiwa sukari! Mashavu yaliingia ndani, jicho moja likajifumba lenyewe. Usiku ule niliandika kwenye daftari "kali mno, haina uzito mdomoni" nikaifunika.

Kesho yake nilikaanga kitimoto, nikaweka ndizi na kachumbari yenye pilipili, nikaitoa chupa ikiwa baridi kweli kweli. Uchachu ulionikunja uso jana ukawa unafanya kazi ya ndimu: mafuta yanakatika, mdomo unasafishika, mkono unarudi kwenye sahani wenyewe. Watu wa Modena wanalijua hili siku nyingi, huinywa na salami, yaani soseji kavu, na gnocco fritto, ambayo ni andazi lisilo na sukari, limekaangwa kwa mafuta ya nguruwe kwa desturi ya zamani. Mimi niliionja peke yake kama mtu anayelamba ndimu kisha akalalamika.

Na ile ya harusini? Lambrusco si aina moja. Kuna ukoo mzima: Sorbara yenye rangi hafifu, Grasparossa iliyokolea, Salamino katikati. Kisha soma kibandiko: secco haina utamu, amabile ina utamu kiasi, dolce ni tamu kabisa. Kuanzia miaka ya 1970 ile tamu iliuzwa Marekani kwa wingi sana, na sifa yake ndiyo iliyofika hadi kwenye meza yetu Dar.

Kitu kimoja kilinigusa kama mtoto wa mkulima. Ua la mzabibu wa Sorbara lina kasoro, chavua yake haifai kitu, hivyo wakulima huuchanganya shambani na Salamino ili uchavushwe. Pamoja na msaada huo, punje nyingi zinapukutika na vichala vinabaki na mapengo. Baba yangu angeung'oa mzabibu wa namna hiyo msimu wa pili tu. Hawa wameutunza vizazi na vizazi.

Chupa ya pili ilikuwa Lacrima di Morro d'Alba, na usidanganyike na jina. Morro d'Alba iko mkoa wa Marche, upande wa bahari ya Adriatiki. Alba ile ya mvinyo maarufu wa Barolo iko mbali kabisa, kule mkoa wa Piemonte. Lacrima ni chozi, kwa sababu punje ikiiva sana ganda hupasuka na kutoa tone. Nilipoifungua, mama watoto aliuliza kutoka chumbani nani amejipulizia marashi. Waridi tupu, kama halua ya Zanzibar. Usiku wa kwanza ilinishinda, nikawa najiona nakunywa maji ya kuogea bibi harusi. Siku ya tatu waridi lilikuwa limetulia, ikaja pilipili manga kidogo na matunda meusi, nikaimaliza na pilau ya ng'ombe. Siwezi kuinywa kila wiki. Lakini pilau ile na chupa ile, jamani.

Verdicchio dei Castelli di Jesi, pia ya Marche, ni nyeupe. Kwa miaka mingi iliuzwa katika chupa yenye umbo la mtungi wa kale, iliyobuniwa miaka ya 1950, na watu wakaizoea chupa wakausahau mvinyo. Yangu ilikuja katika chupa ya kawaida. Uchachu safi, na mwishoni uchungu mdogo wa lozi. Tuliinywa na samaki wa kupaka. Nilihofia tui litaimeza; halikuimeza. Kati ya sita, hii ndiyo ningempa mgeni bila kujieleza.

Schiava, ya Alto Adige huko milimani ambako wengi wanazungumza Kijerumani na kuiita Vernatsch, ni nyepesi sana. Nyekundu ya kuwekwa frijini. Mchana wa jua inapendeza, kwa baridi ya Februari sikuona sababu.

Gaglioppo ya Cirò, Calabria, ilinifanyia ujanja. Rangi imepauka, nikadhani ni ndugu wa Schiava, nikapiga funda kubwa. Ukakasi wa ndizi mbichi! Ulimi ulikauka hadi nikaomba maji. Kwa nyama ya mbuzi ilipungua makali, ila sijashawishika. Kilichobaki niliungia rosti.

Ya sita ni Grignolino ya Piemonte, niliyoitamani kuliko zote. Inasemekana jina limetoka kwenye neno la lahaja ya Asti la mbegu, maana punje zake zina mbegu nyingi. Sikuionja vya kutosha kusema lolote, kwa kuwa ilinuka boksi lililolowa mvua. Huo ni ugonjwa wa kizibo cha gome, hutokea hata kwa mtengenezaji bora, kwa hiyo simlaumu yeye. Duka ndilo ninalolilaumu. Walinijibu baada ya siku tisa kwamba chupa iliyokwisha kufunguliwa hairudishwi. Sasa chupa mbovu utaijuaje bila kuifungua? Sitaagiza tena kwao. Nimepata kiduka mtaani kwetu ambako mwenyewe anabadilisha bila maneno, na Sorbara anaiuza euro 9, mbili pungufu ya mtandaoni.

Nikanunua nyingine sita. Pasaka shemeji yangu alikuja kutoka Dodoma, nikamtilia glasi. Akaiinua dirishani, akaona miti ya nje kupitia humo, akacheka.

"Shemeji, huku ulaya na nyie mnachakachua?"

Nikamwambia asiinywe kwanza, kitimoto kilikuwa bado jikoni.