Toyota TownAce KR42 ya kubebea mayai: nilivyoipata kwa bajeti ya milioni 12, na ilivyonitumikia

Nauza mayai ya jumla. Nayakusanya kwa wafugaji wa Kibaha, kuanzia Kongowe hadi Picha ya Ndege, kisha nayashusha Kimara, Manzese na Kariakoo mara tatu kwa wiki. Kwa miaka minne nilikodi Kirikuu ya jirani, na sitaisema vibaya ile Suzuki Carry, imenisomeshea watoto. Mwanzoni mwa 2024 zamu yangu ya mchezo wa upatu ilifika, nikaunganisha na akiba, nikawa na milioni 12. Leo ni mwezi wa kumi na sita nikiwa na TownAce yangu, kwa hiyo naweza kuieleza kwa haki.

Kilichoniamulia aina ya gari ni uzito. Trei moja ya mayai 30, pamoja na trei yenyewe, naihesabu kilo mbili. Mzigo wangu wa kawaida ni trei 224, yaani karibu kilo 450. Kirikuu na vigari vyote vya Japani vya injini ya sisi (cc) 660 vimeruhusiwa kubeba kilo 350 tu. Vinabeba zaidi, wote tunaona barabarani, lakini kila siku unakula klachi, breki na bushi. Kama mzigo wako ni mikate au nguo, chukua Kirikuu bila wasiwasi, mafuta utaokoa sana. Mimi nilihitaji kinachofuata kwa ukubwa, ndipo nikaanza kuzitazama TownAce na LiteAce, ambazo ni gari lile lile kwa majina mawili.

Hapo kuna vizazi viwili unavyoweza kukutana navyo. Cha zamani kilianza 1996, ndicho hicho KR42. Herufi K maana yake ni injini ya petroli ya familia ya K, na KR42 ina 7K ya sisi 1,800. Ukikuta CR ujue ni dizeli. Kizazi kipya kilianza 2008, kinaundwa Indonesia na Daihatsu, kina injini ya 1,500 na namba S402. Kipya ni kizuri na kinakula kidogo, ila kwa pesa yangu nilichoweza kupata ni vile vilivyochoka. Fundi wangu wa Maili Moja aliniambia, "Mama, bora uzee uliotunzwa." Nilimsikiliza. 7K ni injini ya kizamani inayotumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na vipuri vyake Ilala Shaurimoyo unavipata hadi vya mtumba.

Niliangalia magari sita ndani ya wiki tano. La kwanza lilikuwa kwenye yadi moja ya barabara ya Morogoro, jeupe, linang'aa, dashibodi inasoma kilomita 96,000. Dalali ananiita dada, ananifungulia milango. Fundi akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pale kulikuwa na stika ndogo ya Kijapani ya kubadilishia oil, na kwenye stika za namna hiyo huwa wanaandika tarehe na kilomita. Mwaka ulikuwa wa Heisei, hesabu ya miaka ya Kijapani, 24. Hesabu yake ni rahisi: unajumlisha 1988, unapata 2012. Kilomita zilizoandikwa zilikuwa 141,000. Gari limetembea 141,000 mwaka 2012, halafu 2024 linasoma 96,000! Dalali akanyamaza. Tangu siku hiyo natafuta stika kabla ya kutazama dashibodi, kwenye nguzo za milango yote miwili na pale injini ilipo.

Stika nyingine ya kutafuta iko mlango wa nyuma. Japani gari la mzigo lazima lionyeshe uzito wa juu wa mzigo linaoruhusiwa kubeba, kwa hiyo utakuta maandishi yao pamoja na namba, kwa mfano 750kg, na mara nyingine namba ya pili kwenye mabano, ambayo ni kilo zinazobaki viti vya nyuma vikikaliwa na watu. Mlango usio na stika hiyo si kosa, lakini uliza kwa nini. Gari la tatu halikuwa nayo, na fundi alipogonga kwa kidole tukasikia sauti imekufa: puti. Mlango wote ulikuwa umejazwa na kupigwa rangi. Liligongwa nyuma.

La nne ndilo nusura ninunue. Injini safi, bei milioni 8, mwenyewe mzee mpole. Nilipofunua kapeti la nyuma nikasikia harufu. Lilikuwa linabeba samaki kutoka Feri. Maji ya barafu yenye chumvi yalikuwa yamekula sakafu, na kwa chini, lilipopandishwa kwenye jeki, bisibisi ya fundi ilizama kwenye chesesi kama kwenye mkate. Niliumia, maana moyo ulishalipenda. Ndugu zangu wa Dar na Pwani, funueni kapeti. Angalieni na reli ya mlango wa kuteleza, kwenye kona ya chini, kutu huanzia hapo.

Langu nililikuta kwa mwalimu mstaafu wa Mlandizi aliyekuwa akibebea vyakula vya kuku. Rangi imepauka, kiti cha dereva kimechanika. Tulikubaliana tufike saa 12 asubuhi na asiliwashe kabla. Hili nalisisitiza sana. Injini ya TownAce iko chini ya viti vya mbele, unanyanyua kiti cha abiria unaiona. Weka mkono: ikiwa ya moto wakati umeambiwa gari limelala, mtu ameipasha ili isikusumbue kuwaka. Yake ilikuwa baridi. Ikawaka kwa mara ya kwanza, moshi ukatoka kidogo ukakatika. Moshi wa bluu usiokatika ungekuwa oil inaungua, na mweupe mzito usioisha ungekuwa maji yanaingia kwenye silinda. Fundi alifungua kifuniko cha oil kutazama kama chini yake kuna rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji kuchanganyika na oil. Hapakuwa na kitu.

Kisha nikamwomba tupakie. Mzee alishangaa, lakini alikuwa na mifuko ya pumba, tukaweka minane na watu watatu, tukaenda mpaka Kibaha na kurudi. Gari tupu halikuambii chochote kuhusu klachi wala joto. Mshale wa joto ulisimama katikati njia nzima, gia ya tatu ilipandisha bila injini kupiga kelele mbele ya mwendo, yaani klachi haikuteleza. Nilitoa milioni 9 na laki 6.

Makaratasi yalinichukua siku mbili na sikuyaharakisha. Kadi nilitaka ile halisi, nakala nilizikataa, kwa sababu siku hizi watu wengi wanakopa kwa kuweka kadi ya gari, halafu wanauza wakiwa na nakala mkononi. Namba ya chesesi tuliisoma kwenye chuma, tukalinganisha na kadi, na ya injini vilevile. Tuliangalia madeni ya trafiki, likakutwa deni moja, mzee akalilipa palepale. Mkataba tukaandikishana kwa mwanasheria, umiliki nikabadilisha TRA wiki hiyo hiyo. Usikae na gari la jina la mtu mwingine.

Pesa iliyobaki, milioni 2 na laki 4, ndiyo iliyoliokoa gari. Hapa ndipo nawaona wenzangu wengi wakikwama: wana milioni 12, wananunua la milioni 12, mwezi wa pili limelala uani. Mimi nilibadilisha oil na filta zote, mipira yote ya maji, rejeta ikafunguliwa ikasafishwa, tairi nne mpya za mzigo. Zenye herufi LT, siyo za gari dogo, hata kama muuzaji atakuapia. Pamoja na bima na uhamisho wa umiliki nilibaki na kama laki 5, nikaziacha ziwe za dharura.

Sasa utendaji wake. Napanga safu 28 za trei nane nane, zinaingia zote 224. Mlango wa pembeni unateleza, kwa hiyo pale Manzese nashusha huku nimebanwa na bajaji na bado najipa nafasi. Mafuta nimepima kwa kujaza tanki hadi juu: kilomita tisa na nusu kwa lita nikiwa na mzigo, kumi na kitu nikirudi tupu. Supringi za nyuma ni ngumu likiwa tupu, linaruka. Likipakiwa linatulia, na mayai yanayopasuka yamepungua kutoka trei nzima kwa safari hadi mayai matano, sita. Joto chini ya kiti lipo, mchana wa Januari kwenye foleni ya Ubungo utalisikia mapajani. Natandika godoro jembamba na natoka alfajiri.

Kwa miezi hiyo 16 nimebadilisha boljointi za mbele, plagi, pedi za breki na betri. Maji ya rejeta nayaangalia kila asubuhi kabla ya kuwasha, kijana wangu anayenisaidia nimemzoesha hivyo hivyo. Halijawahi kuniacha njiani na mzigo. Shokapu za nyuma zimeanza kuchoka, fundi kaniambia zinavumilia mpaka mwezi ujao, na laki 5 zile bado zipo.